Kisu Hutafuta Kiungo

Jumanne jioni, mji wa Hexham,
mvua ya Novemba inakuna vioo vya maktaba.
Edmund Milburn huja na harufu ya bucha,
mafuta ya kondoo na sabuni ya mche,
kofia mkononi kama mtu aliyeitwa mahakamani.
Ana miaka sitini na mmoja.
Kusoma ilikuwa kazi ya mkewe,
na mkewe sasa yuko kilimani, chini ya jiwe
lenye jina ambalo Edmund analijua kwa umbo tu.

Nilimfundisha kama nilivyofundishwa:
kila silabi, kofi.
He-li-cop-ter.
Akapiga manne kwa viganja vipana kama mabamba,
mkutubi akainua macho.
"Nimelikata," akasema, "ila sijui nimekata nini.
Hivi ndivyo kijana wangu wa kwanza alivyokata kondoo:
vipande sawasawa,
na mfupa umevunjika ndani ya kila kipande."

Kisha, bila kuombwa, akanipa somo.
Kisu hakishindani na mfupa.
Kisu hutafuta kiungo.
Unapitisha kidole gumba polepole,
unasikiliza kwa ngozi,
na pale panapolegea
mnyama mwenyewe anakwambia: hapa.

Niliona haya. Nikalishusha kamusi zito,
tukapitisha vidole.
Helico, kinachojizungusha kama gamba la konokono.
Pter, bawa.
Kiungo kilikuwa kabla ya ile p,
mahali ambapo makofi yetu hayakupagusa kabisa.
"Bawa!" akasema Edmund.
Akatazama dari muda mrefu,
kana kwamba kuna kitu kinapita.

Tangu hapo akawa haji mikono mitupu.
Maneno aliyanakili kwenye karatasi za kufungia soseji,
kutoka chupa za dawa, ubavuni mwa mabasi,
barua za benki alizoziweka miaka miwili chini ya mizani.
Alijua un- hukana, re- hurudia,
-less huacha sahani tupu.
In- nayo, nilimwambia, hukana.

Nyuma ya bucha kulikuwa na kopo kuukuu la babake:
inflammable.
Edmund akalikata kwa raha zake.
In, si. Flame, moto. Able, kuweza.
Halishiki moto, basi. Akaliweka kando ya jiko.
Bahati Callum, kijana wa dukani,
alikuwa na pua kali na miguu myepesi.

"Kiungo chako kimenidanganya," akaniambia Jumanne,
hakukaa.
Ikabidi nikiri: kuna in- inayokana
na kuna in- inayoingia,
hii huingia motoni moja kwa moja.
Zinafanana kama mapacha,
na mmoja wao mwizi.
Akanyamaza. Mvua ikasema kwa niaba yetu.
"Begani mwa kondoo," akasema mwishowe,
"kuna mfupa unaolala upande usioutarajia.
Unaukosea mara moja tu."
Akavuta kiti.

Machi alileta neno la mlango mpya wa chumba cha barafu:
unlockable.
Akaweka kidole baada ya un:
mlango usiofungika.
Akakisogeza hadi baada ya lock:
mlango unaofungulika.
"Ni upi niliouziwa?"
Mimi na shahada yangu tulitazamana na karatasi ile
yenye doa la damu pembeni.
Sikujua. Bado sijui.

Alipokuwa akivaa koti aliniambia, mgongo kwangu,
kwamba Jumapili alipanda kilimani.
Hapakuwa na mtu. Akalipigia jina makofi.
Wi. Ni. Fred.
Matatu, polepole, kunguru wakaruka.

"Na viungo?" nikauliza.
"Hilo," akasema, akishika kitasa,
"nililiacha zima."